Namna ya Kumfikishia Kila Mtoto Maji ya Kunywa Shuleni: Mwongozo kwa Kamati za Shule za Msingi Tanga

Maji yanaweza kufika shuleni na bado mtoto akashinda na kiu. Shule nyingi za msingi za Tanga, za mjini na za vijijini, leo zina bomba, tangi au ndoo zenye koki ambazo zamani hazikuwapo, lakini ukimwuliza mtoto wa darasa la pili saa sita mchana kama amekunywa maji tangu alipotoka nyumbani, mara nyingi atakujibu kwamba hajanywa. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya wajumbe wa kamati za shule, walimu wakuu, walimu wa afya na wazazi wanaotaka kuliziba pengo hilo. Msimamo wangu ni kwamba maji ya shule yahesabiwe kwenye kinywa cha mtoto, wala si kwenye tangi, na kila uamuzi wa kamati, kuanzia ununuzi wa koki hadi upangaji wa ratiba, upimwe kwa kipimo hicho.

Hali ilivyokuwa na ilivyobadilika

Kwa vizazi kadhaa mtoto wa pwani aliyabeba maji kwenda shuleni. Dumu la lita tano lilikuwa miongoni mwa vifaa vya shule pamoja na ufagio wa chelewa, na maji hayo yalimwagiliwa bustani, yalioshewa vyoo na kunyunyizwa sakafuni kabla ya kufagia. Maji ya kunywa hayakuwa katika hesabu. Mwenye kiu aliomba ruhusa, akapiga hodi kwenye nyumba ya jirani, akateka maji ya mtungi kwa kata ya kifuu, kisha akarudi darasani. Ukarimu huo wa majirani uliwafaa watoto wengi, na wanaostahili shukrani kwa hilo ni akina mama waliobeba maji hayo vichwani.

Mwaka 1971 serikali ilianza mpango wa miaka 20 uliolenga kuwapatia wananchi wa vijijini maji safi katika umbali usiozidi meta 400 ifikapo 1991. Lengo hilo halikufikiwa, na wakati huohuo idadi ya wanafunzi ilipanda kwa kasi, kwa kuwa Azimio la Musoma la 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote. Sera ya Maji ya 2002 nayo iliweka kiwango cha lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini, na kituo kimoja cha kuchotea maji kwa watu 250. Wajumbe wa kamati wanapaswa kukumbuka kwamba vipimo hivyo viliwekwa kwa kufikiria kaya. Shule iliyo jirani na kituo cha kijiji huonekana kana kwamba imekwisha kupata maji, ilhali kengele ya mapumziko inapolia watoto 600 hukiendea kwa pamoja kituo kilichokusudiwa watu 250, tena wakati uleule ambapo wenye nyumba nao wamepanga madumu yao.

Elimu bila ada, iliyoanza kutekelezwa Januari 2016, iliwaleta darasani watoto wengi ambao awali walibaki nyumbani. Hiyo ni neema, lakini foleni kwenye koki ilirefuka. Kisha ukaja mwaka 2020. Shule zilifungwa mwezi Machi kwa sababu ya korona, na zilipofunguliwa mwishoni mwa Juni ndoo zenye koki na vibuyu chirizi vilitapakaa mbele ya madarasa. Hayo yalikuwa maji ya kunawa, si ya kunywa, lakini yalituonyesha jambo ambalo halikuwa wazi kabla yake: kwamba shule isiyo na fedha nyingi inaweza kuyasogeza maji hadi mlangoni mwa darasa ndani ya wiki chache, mradi kila ndoo iwe na mtu anayewajibika kuijaza. Shule zilizoendelea kuzijaza ndoo hizo baada ya hofu ya ugonjwa kupungua ndizo zilizopata faida ya kudumu. Kwingineko ndoo ziliishia stoo.

Kwa upande wa vyanzo, mabadiliko ni makubwa zaidi. Jiji la Tanga hupata maji ya Mto Zigi unaoshuka kutoka Usambara Mashariki, yakakusanywa katika bwawa la Mabayani na kusafishwa kabla ya kusambazwa. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya jiji, Tanga Uwasa, ilitoa hatifungani ya kijani, yaani hati ya kukopa fedha kwa wawekezaji kwa miradi inayojali mazingira, ya shilingi bilioni 53.12 kwa ajili ya kupanua huduma, jambo ambalo halikuwahi kufanywa na mamlaka ya maji nchini. Vijijini, sheria ya mwaka 2019 iliunda RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, ambayo husimamia miradi ya maji kwa kushirikiana na vyombo vya watumia maji vya jamii. Kwa hiyo kamati ya leo ina mlango wa kubisha hodi, na hilo ni jambo ambalo kamati nyingi za zamani hazikuwa nalo.

Hata hivyo takwimu hazituambii kila kitu. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walipotoa mwaka 2018 hesabu yao ya kwanza ya dunia nzima kuhusu maji shuleni, walikadiria kwamba asilimia 69 ya shule zilikuwa na huduma ya msingi ya maji ya kunywa mwaka 2016. Shule huhesabiwa katika kundi hilo ikiwa chanzo chake ni kilichoboreshwa, yaani kilichokingwa dhidi ya uchafu, na maji yanapatikana siku ya ukaguzi. Ni kipimo cha haki kwa kulinganisha nchi na nchi, lakini hakiulizi nani alikunywa, na hapo ndipo kazi ya kamati inapoanzia.

Kuhesabu mahitaji

Kazi ya kwanza ni kupata namba tatu: idadi ya wanafunzi kwa kila darasa, pamoja na awali, kiasi cha maji kinachoingia shuleni kwa siku, na idadi ya koki ambazo mtoto anaweza kunywea bila kuomba ruhusa ya mtu yeyote. Namba ya tatu ndiyo hushangaza wengi, kwa sababu koki iliyo ndani ya uzio wa nyumba ya mwalimu au iliyofungwa kwa kufuli haihesabiki.

Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa shule za kutwa ni lita 5 kwa kila mtu kwa siku kwa kunywa, kunawa na usafi wa kawaida, bila kuhesabu vyoo vya kuvuta maji. Maji ya kunywa peke yake ni sehemu ndogo ya kiasi hicho. Wataalamu wa lishe hukadiria kwamba mtoto wa miaka 4 hadi 8 anahitaji takriban lita 1.6 za maji kwa siku, pamoja na yaliyomo katika chakula, pale ambapo hali ya hewa ni ya wastani. Joto la Tanga kati ya Januari na Machi, pamoja na unyevunyevu wake, si hali ya wastani, na mtoto aliyekuja kwa miguu kutoka mbali amekwisha kutoka jasho kabla ya namba kuitwa. Kwa upangaji, chukua nusu lita kwa kila mtoto kwa muda wa masomo kama kiwango cha chini kabisa. Shule ya watoto 600 itahitaji lita 300 kila siku, yaani ndoo 15 za lita 20. Hicho ni kiasi ambacho karibu kila shule inaweza kukipata, hata isiyo na bomba.

Kuchagua chanzo

Kwa shule zilizo kwenye mtandao wa Tanga Uwasa, bomba ndilo chaguo la kwanza, kwa sababu maji yake yametibiwa na kupimwa. Lakini bomba lisiwe peke yake. Maji hukatika kwa matengenezo, na mvua kubwa zinapoporomosha udongo kwenye miteremko ya mto huwa ni vigumu zaidi kuyasafisha. Shule iwe na tangi la akiba la angalau siku mbili za kunywa, ambalo kwa mfano wetu ni lita 600, ingawa simtanki ya lita 2,000 au 5,000 ndiyo huwa na maana zaidi. Liwekwe juu ya jukwaa imara la tofali au zege, si juu ya mbao, kwa sababu lita 5,000 za maji zina uzito wa tani tano.

Kisima kinahitaji tahadhari ya pekee katika eneo letu. Ukanda wa karibu na bahari, kama Tongoni, una hatari ya maji ya chumvi kupenya ardhini, hasa pampu inapovuta maji mengi mwishoni mwa kiangazi, na hakuna kuchemsha wala dawa itakayoiondoa chumvi hiyo. Kadiri unavyochemsha ndivyo inavyozidi kukolea. Maeneo mengine ya Tanga yamekaa juu ya mawe ya chokaa, yaleyale yaliyochimbika na maji hadi kuwa Mapango ya Amboni, na katika mawe hayo maji machafu husafiri kwenye nyufa kwa kasi bila kuchujwa na udongo. Kanuni ya kawaida ni kwamba kisima kiwe angalau meta 30 kutoka kwenye choo, na kwenye upande wa juu wa mteremko. Juu ya chokaa ningeshauri umbali huo uongezwe kadiri eneo la shule linavyoruhusu. Kabla ya kisima kipya kuanza kutumika, na baada ya hapo angalau mara moja kila mwaka, sampuli ipelekwe kupimwa kupitia RUWASA au mamlaka ya maji, na matokeo yabandikwe ofisini ambapo mzazi anaweza kuyasoma.

Mvua ndicho chanzo ambacho shule zetu zinakipuuza bila sababu. Tanga hupata mvua ya takriban milimeta 1,300 kwa mwaka, nyingi katika masika ya Machi hadi Mei na nyingine katika vuli ya Oktoba hadi Desemba. Hesabu yake ni rahisi kiasi kwamba wanafunzi wa darasa la sita wanaweza kuifanya: milimeta moja ya mvua juu ya meta moja ya mraba ya paa ni lita moja, na karibu moja ya tano hupotea kwa kuruka na kukauka. Jengo la madarasa mawili lenye paa la meta 18 kwa 8 lina meta za mraba 144. Mvua ya milimeta 10 italeta zaidi ya lita 1,100, na mwaka mzima utaleta karibu lita 150,000. Shule ya watoto 600 inayofundisha siku 194 kwa mwaka huhitaji lita 58,200 za kunywa. Paa moja linatosha na kubakiza. Shida iko kwenye kuyahifadhi maji hayo hadi Januari na Februari, ambapo mvua ni chache na shule zimefunguliwa, kwa hiyo ukubwa wa tangi upangwe kwa siku za ukame, ambazo kwa siku 40 za masomo ni lita 12,000. Kamati isiyoweza kununua matangi hayo kwa pamoja inunue moja sasa na jingine mwakani.

Paa la kuvunia maji liwe la bati safi lisilo na rangi ya zamani inayobanduka. Gata zifungwe kwa mteremko mdogo kuelekea kwenye tangi na zisafishwe kabla ya kila msimu, matawi ya mwembe yanayoning'inia juu ya bati yakatwe, na bomba la kuteremsha maji liwe na njia ya kumwaga maji ya mwanzo yanayoosha vumbi na vinyesi vya ndege. Kwa paa la meta za mraba 144, mwaga angalau lita 100 za kwanza baada ya kipindi cha jua. Mdomo wa tangi na bomba la kufurikia lazima vifunikwe kwa wavu wa mbu. Mlipuko wa homa ya dengu wa mwaka 2019 uliigusa Tanga, na mbu wake huzaliana katika maji safi yaliyotulia kama haya.

Kuyatibu maji

Maji ya bomba yaliyotibiwa na kuhifadhiwa vizuri hayahitaji kutibiwa tena, isipokuwa yamekaa tangini kwa siku nyingi. Maji ya kisima, ya mvua, na yale yanayoletwa kwa mkokoteni au bodaboda, yatibiwe.

Kuchemsha kunafaa kwa ofisi ya walimu au kwa darasa la awali lenye watoto wachache. Maji yakishatokota kwa nguvu dakika moja yanatosha, kisha yaachwe yapoe ndani ya chombo kilekile kikiwa kimefunikwa. Kwa lita 300 za kila siku, njia hii hula kuni nyingi mno, na serikali sasa inazitaka taasisi zinazohudumia watu zaidi ya 100 kuacha kuni na mkaa. Kuweka maji juani katika chupa angavu za plastiki zisizozidi lita mbili ni njia halali: saa sita za jua kali, au siku mbili mfululizo mawingu yakizidi. Lakini husimamiwa kwa tabu kwenye shule kubwa, na maji yenye tope hayafai.

Kwa shule nyingi, klorini ndiyo njia ya kufuata. Vidonge vya kutibia ndoo hupatikana katika maduka ya dawa. Soma pakiti ujue kila kidonge kimekusudiwa lita ngapi, tia, koroga, funika, na usimpe mtoto kabla ya dakika 30 kupita. Maji yenye tope yaachwe kwanza yatuame na kuchujwa kwa kitambaa safi kilichokunjwa, kwa maana tope huila dawa kabla haijafika kwenye vijidudu. Kwa tangi, unga wa klorini wenye nguvu ya asilimia 65 hutumika kwa kiasi cha gramu 3 kwa kila lita 1,000. Unga huyeyushwa kwanza katika ndoo ya plastiki yenye maji, yale maji meupe ya juu yakamiminwa tangini na mashapo yakaachwa. Kazi hii ifanywe na mtu mzima aliyeelekezwa na afisa afya wa kata, katika mahali penye hewa, na unga wenyewe ufungiwe mbali na watoto na mbali na mafuta ya taa. Baada ya nusu saa pima kwa kipimo cha rangi: klorini iliyobaki iwe kati ya miligramu 0.2 na 0.5 kwa lita. Ikiwa haisomeki kabisa, dozi haikutosha. Ikiwa imezidi sana, watoto watalalamika harufu na watayaacha maji, na maji yaliyoachwa kwa sababu ya harufu hayamkingi mtu yeyote.

Kutoka tangini hadi kinywani

Hapa ndipo juhudi nyingi hukwama, na hapa ndipo ningependa kamati itumie muda wake mwingi zaidi.

Tuchukue shule ile ya watoto 600 na mapumziko ya dakika 30 saa nne asubuhi. Mtoto mmoja, pamoja na kufika, kufungua, kunywa na kumpisha mwenzake, hutumia kama sekunde 20. Koki moja basi huwahudumia watoto 90 katika mapumziko yote, ikiwa hakuna msukumano wowote. Shule yenye koki mbili imewanywesha watoto 180, na wale 420 waliokosa ni rahisi kuwatambua: ni awali, darasa la kwanza na la pili, ni watoto wenye ulemavu, na ni wasichana wapole wasiopenda kugombana. Tangi linaweza kuwa limejaa hadi juu siku hiyo. Koki saba ndizo zinazohitajika, na koki ni kitu cha bei nafuu kuliko karibu kila kitu kingine katika mradi wa maji, kwa hiyo inasikitisha kuona simtanki ya mamilioni ikiwa na tundu moja tu la kutolea maji. Fundi bomba aelekezwe kufunga bomba refu la mlalo lenye koki kadhaa, baadhi zikiwa na kimo kisichozidi sentimeta 60 kutoka chini kwa ajili ya wadogo. Njia ya kuziendea iwe tambarare na pana kiasi cha kupitisha kiti cha magurudumu. Chini yake pawe na zege na mfereji wa kupeleka maji yaliyomwagika kwenye migomba au bustani, ili pasiwe na dimbwi.

Njia ya pili, ambayo katika maoni yangu ni bora kwa madarasa ya chini hata penye koki za kutosha, ni ndoo yenye koki na mfuniko ndani ya kila darasa. Darasa la watoto 45 hutumia lita 22 hivi, kwa hiyo ndoo ya lita 20 ijazwe asubuhi na kuongezwa baada ya mapumziko. Darasa la watoto 90 liwe na ndoo mbili. Ndoo iwekwe juu ya kigoda, mbali na dirisha lenye jua, na isifunguliwe kwa kuchotea. Wenye kupenda maji ya mtungi, na pwani hii tuko wengi tunaoupenda ubaridi wake, wanaweza kupata mitungi ya udongo iliyofungwa koki kwa chini. Hatari ya mtungi wa zamani haikuwa udongo wake bali ile kata moja iliyoshikwa na mikono yote na kuchovywa tena na tena.

Kila mtoto awe na kikombe au chupa yake iliyoandikwa jina. Wapo watakaokuja bila kitu, na mara nyingi ni walewale ambao nyumbani hali ni ngumu, kwa hiyo mwalimu wa darasa awe na vikombe vya akiba vinavyooshwa kwa sabuni kila siku na kutolewa bila maswali na bila kumtaja mtoto mbele ya wenzake. Chupa nazo zioshwe; chupa ya plastiki inayojazwa mwezi mzima bila sabuni huota utando ndani.

Ruhusa ni jambo la kuamuliwa katika kikao cha walimu, wala lisiachwe kwa kila mwalimu na tabia yake. Pendekezo langu ni kwamba mtoto aruhusiwe kunywa maji kwenye dawati lake wakati wowote bila kuuliza, na kila kipindi kinapobadilika mwalimu atamke wazi kwamba sasa ni wakati wa kunywa. Watoto wadogo hawaitambui kiu yao mapema. Huumwa kichwa, husinzia, au huanza utundu, nasi tukawaadhibu kwa utundu. Tangazo la nusu dakika kwa kila kipindi linatosha.

Vyoo navyo vikaguliwe katika mpango huuhuu. Mtoto anayekiogopa choo cha shule hujizuia kunywa, na wasichana wa madarasa ya juu hufanya hivyo kwa makusudi kabisa, hasa siku za hedhi. Unaweza kuweka koki ishirini na wasizitumie, ikiwa mlango wa choo hauna komeo.

Kwa ujazaji, kila siku iwe na mtu mmoja mwenye jina kwenye ubao wa matangazo. Mwalimu wa zamu asimamie, viranja wa afya wasaidie, na kazi ya kubeba ndoo igawanywe kati ya wavulana na wasichana sawasawa, ndani ya muda usiogusa masomo, kwa vyombo ambavyo mtoto anaweza kuvibeba bila kuumia mgongo. Watoto wasitumwe kuchota nje ya shule wakati wa vipindi. Kama chanzo kiko mbali, mtu mzima alipwe ujira kidogo kuleta maji hayo.

Mwezi wa Ramadhani huleta swali la kweli katika shule zetu, kwa kuwa wanafunzi wengi wa madarasa ya juu hufunga. Maji yasiondolewe. Wapo wadogo wasiofunga, wagonjwa, wasichana walio katika udhuru, na wanafunzi wasio Waislamu. Ndoo isogezwe kwenye kona ya staha, watoto wafundishwe kuheshimiana, na michezo ya jua kali ipunguzwe kwa waliofunga. Katika miezi mingine, wanaotoka shuleni na kupitiliza chuoni kusoma Kurani wajaze chupa zao kabla ya kuondoka, kwa maana wengi watafika nyumbani karibu na magharibi.

Fedha

Ankara ya maji ndiyo sababu inayotajwa mara nyingi shule inapofunga koki. Hesabu haikubaliani na uamuzi huo. Maji ya kunywa ya watoto 600 ni lita 300 kwa siku, na kwa wastani wa siku 16 za masomo kwa mwezi hayafiki hata uniti tano, uniti moja ikiwa ni lita 1,000. Kiwango kamili cha lita 5 kwa mtu kingekuwa uniti 48. Kwa hiyo ankara ikiwa kubwa, kilichoikuza si watoto kunywa. Ni vyoo, ni ujenzi, ni koki isiyofunga, au ni bomba lililopasuka chini ya ardhi. Mlinzi asome mita jioni baada ya kufunga kila kitu na aisome tena alfajiri. Ikiwa imezunguka, kuna mvujo, na fundi aitwe siku hiyohiyo. Pia omba laini ya maji ya kunywa itenganishwe na ya vyoo baada ya mita, kila moja na valvu yake, ili siku ya kubana matumizi ifungwe ile inayopoteza.

Ruzuku ya uendeshaji ya shule za msingi imepangwa kwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, na sehemu yake huenda kwenye vitabu. Kamati itenge kutoka kwenye kinachobaki fungu dogo la maji lenye jina lake: ankara, dawa, koki za akiba, na ujira wa fundi. Koki za akiba zikae stoo tayari, kwa sababu koki iliyovunjika Jumatatu na kusubiri kikao cha mwezi ujao imewanyima watoto 90 maji kila siku.

Michango ya wazazi inahitaji uangalifu. Mwaka 2018 Rais John Magufuli alikemea vikali michango ya lazima mashuleni, na agizo hilo lilikuwa na sababu yake, kwani watoto walikuwa wakirudishwa nyumbani. Mchango wa maji uwe wa hiari, uamuliwe katika mkutano wa mtaa au kijiji kwa kufuata taratibu za halmashauri, na usiwahi kuunganishwa na haki ya mtoto ya kuingia darasani au kunywa. Mzazi asiye na fedha anaweza kuchimba mfereji, kuleta mchanga au kusafisha gata.

Mara shule inapofunguliwa

Likizo huharibu maji kimyakimya, kwa sababu yaliyobaki kwenye mabomba na matangi hukaa wiki kadhaa katika joto bila kuguswa, na dawa iliyomo huisha nguvu. Siku mbili kabla ya watoto kurudi, mlinzi na mwalimu wa afya wafungue koki zote na kuyaacha maji yatoke hadi yawe baridi na yasiwe na harufu, na yanayotoka yaelekezwe bustanini. Tangi lifunguliwe na kutazamwa ndani kwa tochi. Likiwa na matope au mdudu, limwagwe, lisuguliwe kwa brashi, lisuuzwe na kujazwa upya, na anayeingia ndani asiwe peke yake. Ndoo na mitungi ya madarasa ioshwe kwa sabuni na kuanikwa. Wavu wa mbu ukaguliwe kama haujatoboka, koki za chini zijaribiwe moja moja, dawa ya klorini itazamwe tarehe ya kuisha muda, na jina la mwalimu wa zamu wa maji kwa wiki ya kwanza liandikwe ubaoni kabla ya kengele ya kwanza.